Firefox kwa aliyechoka kupanga faragha yake upya kila wiki

Malalamiko huwa ya namna moja. Mtu ameweka ulinzi dhidi ya wafuatiliaji kwenye "Strict", ametoa tiki kwenye utumaji wa takwimu, ameagiza vidakuzi (cookies) vifutwe kila Firefox inapofungwa. Wiki mbili baadaye anarudi kwenye mipangilio na kukuta "Custom" pale alipoacha "Strict". Tovuti aliyoinyima kamera inaiomba upya. Chini ya ukurasa kuna swichi ambayo hajawahi kuiona, nayo imeshawashwa. Wazo la kwanza ni virusi. Virusi vipo, lakini kabla ya kuvishuku, wachunguze wanaoruhusiwa kugusa mipangilio hiyo: viendelezi (extensions), akaunti ya kusawazisha, programu nyingine za kompyuta, na Firefox yenyewe.

Tathmini hii inaipima Firefox kwa swali moja tu. Ukipanga faragha yako leo, kesho utaikuta ulivyoiacha, na usipoikuta, kivinjari kitakuonyesha nani aliyeigusa? Kwenye kompyuta inapata alama 4 kati ya 5, kwa sababu karibu kila anayegusa huacha alama na kila alama ina ukurasa wa kuisoma. Kwenye simu ya Android inapata 2 na nusu. Majina ya menyu yameachwa kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usipotee ukitafuta.

Anzia about:support

Andika about:support kwenye upau wa anwani na ubonyeze Enter. Kabla hujagusa chochote, soma mambo manne. "Profile Folder" inakuonyesha ilipo folda yako ya wasifu, yaani inayotunza data na mipangilio yako. "Enterprise Policies" ikiandikwa "Active", kuna sera iliyowekwa kutoka nje ya kivinjari. "Important Modified Preferences" ni orodha ya mipangilio iliyoondoka kwenye hali yake ya awali, na "Important Locked Preferences" ni ile iliyofungwa isibadilishwe. Kukiwa na faili la user.js (faili la hiari linalolazimisha mipangilio kila Firefox inapowashwa) kwenye wasifu, ukurasa huu utakutajia.

Kasoro yake ni kubwa kiasi cha kuiondolea Firefox alama moja nzima: hakuna tarehe. Unaona kilichobadilika, huoni kilibadilika lini. Dawa ni kutunza kumbukumbu mwenyewe. Ukishapanga kila kitu unavyotaka, bonyeza kitufe cha "Copy text to clipboard" kilicho juu ya ukurasa, bandika maandishi kwenye faili la kawaida na ulipe jina la tarehe ya siku hiyo. Siku mpangilio ukihama, nakili tena na ulinganishe mafaili mawili. Bila nakala ya kwanza utabaki kukisia.

Viendelezi

Hawa ndio wa kushukiwa kwanza. Kiendelezi kilichopewa ruhusa ya kusoma na kubadilisha mipangilio ya faragha kinaweza kugeuza namna vidakuzi vinavyopokelewa, ulinzi dhidi ya wafuatiliaji, WebRTC (teknolojia ya simu za sauti na video ndani ya kivinjari), utunzaji wa nywila, hata tabia ya Firefox kuandaa muunganisho na kurasa ambazo hujazibofya. Si lazima kiwe kiovu. uBlock Origin, kizuia matangazo ambacho ni miongoni mwa viendelezi bora kabisa, huzima maandalizi hayo ya mapema, na matokeo yake ni network.prefetch-next na network.dns.disablePrefetch kuonekana kwa herufi nzito ndani ya about:config, ukurasa wa mipangilio yote ya ndani. Anayezikuta bila kujua asili yake anaona kompyuta imeingiliwa, kumbe ni kazi aliyoiomba mwenyewe.

Tatizo la kweli huja viendelezi viwili vinapogombania mpangilio mmoja. Firefox humpa ushindi aliyewekwa mwisho. Ukimzima huyo, thamani ya yule wa kabla yake inarudi. Ukiwazima wote, inarudi ile iliyokuwapo mwanzo. Ndiyo maana mtu akizima kiendelezi kwa muda ili tovuti ya benki ifunguke, anaweza kukuta mpangilio umeruka mahali ambapo hakuuweka yeye. Ushahidi umo kwenye faili la extension-settings.json ndani ya folda ya wasifu. Lifungue kwa kihariri cha maandishi, bila kulibadilisha, na utaona kila mpangilio ulioshikwa, kitambulisho cha kiendelezi kilichoushika, na tarehe kilipowekwa. Kitambulisho kikiwa msururu wa herufi na namba usiosomeka, linganisha na jedwali la viendelezi kwenye about:support.

Kwenye baadhi ya mipangilio, kama ukurasa wa mwanzo, injini ya utafutaji na proksi, Firefox huandika wazi kwamba kiendelezi fulani ndicho kinachoushika. Inastahili pongezi kwa hilo. Mpangilio wa aina ya prefetch, yaani yale maandalizi ya mapema, hauna mahali pake kwenye ukurasa wa kawaida, kwa hiyo tangazo hilo hulioni. Kiendelezi kimoja cha faragha kilichopangwa vizuri kinatosha. Vitatu vinavyofanya kazi ileile vitakusumbua daima.

"Strict" inapogeuka "Custom"

"Strict" ni jina la kifurushi cha mipangilio kadhaa, na jina hilo hutunzwa kwenye browser.contentblocking.category. Ikiguswa hata moja iliyo ndani ya kifurushi, iwe na kiendelezi au na mkono wako kwenye about:config, jina hubadilika kuwa custom. Zilizobaki hukaa vilevile. Kwa hiyo kukuta "Custom" si kwamba umeachwa uchi. Ni kwamba kipande kimoja kimetoka kwenye mstari. Mtafute aliyekigusa kwanza, kisha ndipo uchague "Strict" tena. Ukigeuza utaratibu huo, kesho utakuwa palepale.

Kufuta historia kunapofuta na usichokusudia

Chaguo la "Clear history when Firefox closes" lina kisanduku kinachoitwa "Site settings". Wengi hukitia tiki kwa kudhani zaidi ndiyo bora. Kisanduku hicho hufuta kila ruhusa uliyotoa au kuinyima tovuti mojamoja: kamera, maikrofoni, mahali ulipo, arifa, tovuti ulizoziondolea ngao, tovuti ulizoziruhusu kubaki na vidakuzi. Kila asubuhi tovuti inaanza kukuuliza kama mgeni. Toa tiki hapo, acha ya vidakuzi na ya akiba, na "ruhusa zinazojibadili" zitatulia.

Pia tenganisha mipangilio ya kivinjari na ya tovuti. Jibu ulilotoa kwenye lile bango la kuuliza kuhusu vidakuzi, mara nyingi tovuti hulitunza ndani ya kidakuzi. Ukiamuru vidakuzi vifutwe, bango litarudi, na hakuna kilichoharibika.

Mwenye user.js ya zamani aangalie jambo la ziada. Toleo la 128, la Julai 2024, lilibadilisha dirisha la kufuta historia, na majina ya ndani yakahama kutoka privacy.clearOnShutdown kwenda privacy.clearOnShutdown_v2. Mistari ya zamani bado inaandikwa kwenye faili kila unapowasha, ila dirisha jipya haliisomi. Unadhani umeagiza, kumbe unaongea peke yako.

Pale Firefox inapojigusa yenyewe

Sehemu hii ndiyo inayoumiza zaidi, kwa kuwa watu huchagua Firefox wakiamini itawaachia uamuzi. Toleo hilohilo la 128 lilileta upimaji wa matangazo uliodaiwa kulinda faragha, swichi yake ikiwa imewashwa tangu mwanzo. Septemba 2024 noyb, shirika la kutetea faragha, lilipeleka malalamiko kwa mamlaka ya ulinzi wa data ya Austria kuhusu jambo hilo. Hata ukikubali kwamba teknolojia yenyewe ilibuniwa kwa uangalifu, kivinjari kinachojinadi kwa faragha hakipaswi kuongeza swichi ya matangazo ikiwa imewashwa. Aliyejisikia kasalitiwa hakukosea.

Mfano wa upande wa pili ni Do Not Track, ombi la kuziambia tovuti zisikufuatilie, iliyoondolewa kwenye toleo la 135, Februari 2025. Aliyeitafuta hakuikuta na akadhani imezimwa. Iliyobaki ni Global Privacy Control, inayoiambia tovuti isiuze wala kugawa data zako; iwashe kwenye "Privacy & Security", au hakikisha privacy.globalprivacycontrol.enabled ni true.

Matoleo makubwa hutoka takriban kila wiki nne. Kwa asiyetaka kukagua ukurasa wa mipangilio mara kumi na mbili kwa mwaka, toleo la ESR ndilo la kuchukua. Hupokea viraka vya usalama kama kawaida, lakini mabadiliko makubwa huja takriban mara moja kwa mwaka. Kwa kompyuta ya ofisi ndogo au ya shule ni chaguo bora kuliko Firefox ya kawaida.

Kuna badiliko lingine la kimyakimya ambalo wachache wanalijua. Kuanzia toleo la 68, la Julai 2019, Firefox ilipokuta miunganisho salama inavunjika kwa sababu kuna programu inayoisikiliza katikati, kwa kawaida kinga ya virusi, ilijaribu kuwasha security.enterprise_roots.enabled ili iamini vyeti (hati za kuthibitisha tovuti) vilivyo kwenye mfumo wa kompyuta; tangu toleo la 120, la Novemba 2023, mpangilio huo huja umewashwa tangu mwanzo kwenye Windows na macOS. Kabla ya hapo, ilipofanikiwa iliuacha umewashwa na kuweka alama kwenye security.enterprise_roots.auto-enabled. Tafuta majina hayo mawili kwenye about:config. La pili likiwa true, Firefox ndiyo iliyogeuza. Kama una kinga ya virusi inayochunguza HTTPS, sababu umeipata, na unaweza kuzima uchunguzi huo ndani ya programu yenyewe. Kama huna, wala hauko kwenye mtandao wa kazini, usilipuuze: fungua certmgr.msc kwenye Windows, uangalie vyeti vya mizizi vilivyoongezwa, kwa sababu huenda kuna kitu kinachosoma mawasiliano yako.

DNS iliyofichwa (njia ya siri ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani za namba) nayo huonekana kama inajizima. Ukiwa kwenye "Default Protection", Firefox ndiyo inayoamua kulingana na nchi ulipo na mtandao: ikikuta udhibiti wa wazazi, sera ya kampuni, au mtandao unaokataa kutafsiri jina la use-application-dns.net, hurudi kwenye DNS ya kawaida. Nyumbani ipo, kazini haipo. Ukitaka isitegemee mtandao chagua "Increased Protection". "Max Protection" ni kali zaidi, na hugombana na Wi-Fi za hoteli na viwanja vya ndege zinazotaka uingie kwanza kwenye ukurasa wao.

Na usibonyeze Refresh bila kufikiri. Firefox isipotumika kwa muda mrefu hujitolea kujisafisha. Ukikubali, inaunda wasifu mpya: alamisho, nywila na vidakuzi vinabaki, lakini viendelezi, mipangilio uliyobadilisha na user.js vinaachwa nyuma, kwenye folda ya "Old Firefox Data" iliyo kwenye eneo-kazi.

Kompyuta mbili, wasifu wawili

Kusawazisha hubeba baadhi ya mipangilio kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Ukipanga ya nyumbani huku ya kazini ikiwa na mipangilio ya mwaka juzi, zitaendelea kusukumana. Fungua "Settings", kisha "Sync", bonyeza "Change" na utoe tiki kwenye "Settings". Alamisho na nywila zitaendelea kusafiri. Orodha kamili ya kinachobebwa utaiona ukiandika services.sync.prefs.sync kwenye about:config.

Wakati mwingine hakuna kilichobadilika. Umefungua Firefox nyingine tu. Tangu toleo la 67, la Mei 2019, kila usakinishaji una wasifu wake. Mwenye Firefox ya kawaida akiweka na Beta, toleo la majaribio, pembeni, atakutana na kivinjari kitupu. Vivyo hivyo kwa Ubuntu, aina ya Linux, ambako Firefox ilihamia kwenye mfumo wa vifurushi wa Snap na wasifu ukahamia ~/snap/firefox/common/.mozilla/firefox. Aliyekuwa akihariri user.js kwenye folda ya zamani anahariri nyumba iliyohamwa. Fungua about:profiles uone ni upi unaotumika sasa hivi.

Mipangilio isiyokaa hata kidogo

Ikiwa kila ukifunga na kufungua mambo yanarudi yalivyokuwa, angalia faili la prefs.js, ambamo Firefox huandika chaguo zako. Funga Firefox kabisa, fungua folda ya wasifu, hakikisha prefs.js haijawekwa hali ya kusomwa tu. Ukikuta mafaili kama prefs-1.js, prefs.js.moztmp au Invalidprefs.js, yafute, ni mabaki ya uandishi uliokwama. Ukikuta user.js, jua kwamba hiyo husomwa kila unapowasha na hufunika ulichochagua kwa mkono. Kuifuta peke yake hakutoshi, maana thamani zake zimeshanakiliwa kwenye prefs.js, itabidi urudishe kila mpangilio kupitia about:config.

Kwenye intaneti kafe na maabara za shule usipoteze muda na haya yote. Mashine nyingi za namna hiyo hutumia programu kama Deep Freeze, inayorudisha diski nzima kama ilivyokuwa kila kompyuta inapowashwa upya. Hapo tumia dirisha la faragha na utoke kwenye akaunti zako kabla hujanyanyuka.

Sera za nje zinasomwa kwenye about:policies. Windows huzitunza kwenye rejista, HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Mozilla\Firefox. Ukikuta ImportEnterpriseRoots peke yake, ishuku kinga ya virusi. Ukikuta ukurasa wa mwanzo uliolazimishwa au kiendelezi kisichoondoka, hiyo ni programu ya matangazo: iondoe yenyewe kwanza kwa skani kamili, ndipo ufute ufunguo huo, la sivyo utaandikwa tena. Kompyuta ikiwa ya mwajiri, mwone mtu wa TEHAMA.

Kufunga kwa kufuli

Hapa ndipo Firefox inapowaacha wenzake mbali, kwa kuwa kufuli lilelile la makampuni liko wazi kwa mtu binafsi. Ndani ya C:\Program Files\Mozilla Firefox unda folda iitwayo distribution, na ndani yake faili policies.json lenye maneno haya:

{
  "policies": {
    "EnableTrackingProtection": {
      "Value": true,
      "Locked": true,
      "Cryptomining": true,
      "Fingerprinting": true
    },
    "DNSOverHTTPS": {
      "Enabled": true,
      "Locked": true
    },
    "DisableTelemetry": true,
    "DisableFirefoxStudies": true
  }
}

Kwenye Linux faili linakaa /etc/firefox/policies/policies.json. Washa Firefox upya na ufungue about:policies. Sera zisipoonekana, tazama sehemu ya makosa. Yanayokwamisha ni yaleyale: Notepad imeongeza .txt mwishoni na Windows inaficha viambishi vya mafaili, alama za nukuu zimenakiliwa kutoka Word zikiwa zimejikunja, au kuna mkato uliobaki baada ya kipengele cha mwisho. Folda ya Program Files hudai ruhusa ya msimamizi, kwa hiyo andika faili kwenye eneo-kazi kisha ulihamishe.

Kuanzia hapo mpangilio uliofungwa hauguswi na kiendelezi wala na kidole chako. Ukurasa wa mipangilio utaandika kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako. Usishtuke, shirika hilo ni wewe.

Kwa anayependa user.js badala ya sera, mistari miwili mitatu inatosha, mfano user_pref("browser.contentblocking.category", "strict"); na si zaidi ya hapo mpaka ujue kila mstari unafanya nini. Wanaonakili mamia ya mistari ya mtu mwingine huishia na privacy.resistFingerprinting iliyowashwa, inayozidanganya tovuti kwamba uko kwenye saa za UTC, saa ya marejeo ya dunia. Nairobi na Dar es Salaam ziko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo tovuti inayosoma saa kutoka kwenye kivinjari inakuonyesha mkutano wa saa tano asubuhi kuwa ni saa mbili. Simu za mkutano zimekosekana kwa sababu hiyo tu.

Chrome ina ukurasa wake wa chrome://policy, na kwenye Windows ina ulinzi ambao Firefox haina: programu ya nje ikichezea mipangilio fulani muhimu, Chrome hugundua, huirudisha kwenye hali ya awali na kukujulisha. Firefox ingefaa kuiga. Ila Chrome hairudishi chaguo lako, inarudisha chaguo la Google.

Simu

Kwenye Android zana zilizotajwa hapo juu karibu zote hazifikiki: huna folda ya wasifu ya kufungua wala policies.json. Kinacholalamikiwa sana ni kwamba "Delete browsing data on quit" haifuti. Inafuta, ila kwa sharti: lazima ufungue menyu na kubonyeza "Quit", kitufe kinachoongezwa ukishawasha chaguo hilo. Kuisukuma programu nje ya orodha ya zilizo wazi hakuhesabiki kuwa umetoka, na data zako zinabaki. Wala usitarajie "Strict" uliyoiweka kwenye kompyuta ikufuate. Mipangilio hiyo haisawazishwi hadi kwenye simu. Iweke tena kwa mkono, kwenye "Enhanced Tracking Protection", na uikague kila programu inapopata toleo jipya.